Kila Saa Nane

Karatasi ya daktari ilikuwa imekunjwa mara nne. Kasiva aliifungua juu ya kaunta ya duka la dawa, akainyoosha kwa kiganja, kisha akasogea kando ili binti yake Mwelu aonekane vizuri, kana kwamba dawa hupimwa kama nguo.

"Wi museo, mwiitu wa Kahin," alisalimu. "Daktari ameongeza."

Ameongeza. Alilisema neno hilo kwa fahari kidogo, na tusimcheke. Kwa miezi mitano mtoto wake alikuwa akianguka darasani, akianguka kanisani, akianguka kwenye foleni ya maji pale Mumbuni mbele ya watu waliorudi nyuma na kuokoa mitungi yao kwanza. Mama akiambiwa kwamba sasa dawa ya kifafa imeongezwa, anahisi angalau kuna mtu mkubwa aliyeukasirikia ugonjwa huo kwa niaba yake.

Safiyo aliichukua karatasi. Alikuwa mfamasia mwenye digrii ya chuo kikuu, lakini mji wa Machakos haukumjua kwa digrii. Ulimjua kama binti wa Kahin, yule Msomali aliyeuza mbuzi sokoni mpaka magoti yakamkatalia. Alizaliwa hapa, akasoma hapa, na Kikamba chake kilikuwa cha kutaniana na wazee. Alisoma maandishi ya daktari mara moja, akayarudia.

"Vidonge viwili kila saa nane," alisema. "Zamani ilikuwa kimoja."

"Hiyo moja haikuwa inasaidia. Jumatano alianguka hapo tu karibu na jiko. Hatua moja."

Safiyo alimtazama Mwelu. Msichana wa miaka kumi na saba, kidato cha tatu, mwembamba ndani ya sweta la shule lenye viwiko vilivyoshonwa upya. Swali alilouliza halikuwa kazi yake, wala hakuna aliyemlipa kuliuliza. Aliliuliza kwa sababu duka halikuwa na mteja mwingine.

"Mwelu, hiyo moja ulikuwa unameza aje?"

"Vile daktari alisema. Kila saa nane."

"Jana ulimeza saa ngapi?"

"Saa nane. Tukimaliza chakula ya mchana, kabla kengele haijalia."

"Na asubuhi?"

Mwelu alimgeukia mama yake, akihofia kwamba anawekewa mtego. "Asubuhi si saa nane," alisema.

Safiyo aliweka karatasi chini. Aliuliza tena kwa Kikamba, polepole, na akajibiwa vile vile: saa nyaanya, yaani saa nane, baada ya chakula, kila siku, hajaruka hata moja. Na hakuna aliyekuwa amedanganya. Daktari Wesley, aliyekuja kila Ijumaa kutoka Nairobi na kukodi vyumba viwili ghorofani, juu ya duka hilo hilo, alikuwa mtu wa Bonde la Ufa. Kikamba chake kiliishia kwenye salamu, na mambo ya dawa aliyafikiri kwa Kiingereza, ambako maneno hayo ya kila saa nane huhesabu saa za kukaa kati ya kidonge na kidonge. Aliyageuza kuwa Kiswahili, yakatoka safi kabisa. Mwelu naye aliyasikia kama anavyosikia kwamba kila saa nane kuna kipindi cha hesabu. Kwa hiyo dawa iliyopaswa kumezwa mara tatu kwa siku ilimezwa mara moja kwa miezi mitano, kifafa kikaendelea na mambo yake, na daktari akaona kidonge kimoja kimeshindwa.

"Mama Mwelu, sikiliza," Safiyo alisema. "Huyu amekuwa akimeza kimoja kwa siku. Daktari anafikiri anameza vitatu. Sasa ameandika sita. Akitoka kwa kimoja aende kwa sita, na vile ako mdogo hivi, hiyo dawa itamlewesha. Itamwangusha kuliko ugonjwa."

Kasiva alifikiri. Aliacha shule darasa la tano na maisha yake yote ya utu uzima ameuza muthokoi, mahindi ya kukobolewa, kwenye soko la mji. Alifikiri kwa muda mfupi tu.

"Si basi umpe ile moja moja, lakini mara tatu?"

Na hapo ndipo mama huyo alipoandika dawa sahihi kuliko kila mtu mwenye cheti siku hiyo.

"Ndivyo inafaa," Safiyo alisema. "Lakini siwezi."

"Huna?"

"Niko nazo, kopo mzima. Sheria ndiyo hainiruhusu. Mimi natoa. Kuandika ni yeye."

"Hata ukiona imekosewa?"

"Naweza kukataa kuuza. Kubadilisha siwezi."

Kasiva alimwangalia kwa huruma ya kweli, maana hakujua kwamba mtu anaweza kusoma miaka yote hiyo na bado aombe ruhusa. Safiyo alipiga simu ya daktari, akaambiwa na ile sauti ya kike kwamba mteja hapatikani. Akachukua kalamu, akaandika barua ya mistari saba kwa Kiingereza cha heshima, akaikunja.

"Rudini juu mbio. Saa kumi huwa anaenda."

* * *

Kamanthe, karani wa kliniki, alisema kurudi kwa daktari ni kulipa upya. Kasiva alipoonyesha barua, Kamanthe alisema barua si mgonjwa. Mwishowe aliwaruhusu wasimame mlangoni, karibu na ndoo ya kupigia deki, ili daktari akitoka awaone. Walisimama hapo nusu saa. Kila aliyepita aliwataka wasogee.

Daktari Wesley alitoka na funguo za gari mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri tuliseme hilo mapema. Alikuwa ameona wagonjwa thelathini na wawili tangu asubuhi, na alikuwa na njaa. Aliisoma barua akiwa amesimama, mstari wa kwanza na wa mwisho, na aliposoma jina la chini, mdomo ukamsogea upande.

Jina hilo alilijua. Mwaka uliotangulia, Safiyo alikuwa amerudi kutoka mkutano wa wafamasia Nairobi na jambo jipya kichwani: kwamba kuna nchi ambako sheria inamruhusu daktari na mfamasia kukubaliana kwa maandishi, daktari atambue ugonjwa, mfamasia amfuatilie mgonjwa, apandishe na kushusha dawa, kisha amjulishe daktari. Akapiga chapa kurasa mbili, akazipandisha ghorofani mwenyewe. Daktari alicheka bila uchungu, akamuuliza, "Safiyo, na koti langu pia unalitaka?" Kurasa zikarudi chini, na tangu siku hiyo walisalimiana kwa kupungiana mkono tu.

"Anasema hujakuwa ukimeza dawa vizuri," daktari alimwambia Mwelu.

Mwelu alitikisa kichwa haraka. Dhambi hiyo hakuwa nayo.

"Ulikuwa unameza kila saa nane, kama nilivyokwambia?"

"Ndiyo, daktari."

"Hukuruka?"

"Sijaruka hata siku moja."

"Unaona?" daktari alisema, akimgeukia Kasiva.

Kasiva alijua. Kitu chote alikuwa nacho mdomoni. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na vipimo, na mbele ya mtu mwenye tai kilimkimbia. "Daktari, hiyo saa nane," alianza, "ni ile saa nane ya... yeye anakunywanga ile ya..."

"Mama, muuza dawa kazi yake ni kuuza. Akianza kutibu, mimi nirudi nyumbani nikalime." Kamanthe alicheka, na mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi akacheka pia, maana Kamanthe amecheka. Daktari aliiegemeza barua ukutani, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu kwamba dawa itolewe kama ilivyoandikwa, akatia sahihi. Kisha, kwa wema, akainama kidogo kumwelekea Mwelu. "Sasa ni viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Usiruke. Umeelewa?"

Mwelu alielewa. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, daktari alikuwa amesema maneno ambayo hayangeweza kueleweka vinginevyo.

* * *

Safiyo aliusoma wino mwekundu. Alikaa kwenye kiti chake kirefu, akakaa sana, mpaka Kasiva akaona aibu kumwangalia na akaanza kusoma tangazo la sabuni.

Angeweza kukataa. Wangevuka barabara na kununua kwa mwingine, ambaye angewapa bila hata kuuliza jina. Angeweza kumpa Mwelu kimoja kimoja na kuandika viwili viwili kwenye daftari. Lakini mkaguzi wa maduka ya dawa alikuwa amepita Novemba, na mwenzake mmoja pale mjini alifungiwa duka kwa kupunguza dawa ya presha ya mzee mmoja. Mzee yule alipata nafuu. Nafuu yake haikuandikwa kwenye ripoti. Safiyo alikuwa na mama mgonjwa, na wadogo zake wawili, Abdilatif na Najmo, shuleni, wote wakila kutoka kwa kaunta ile. Aliogopa. Hakuna neno jingine la kupamba jambo hilo.

Alihesabu vidonge kwa kile kijiti chake cha plastiki, viwili viwili, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kahawia, akaandika juu yake mbili mara tatu. Kisha akaegemea kaunta na kushusha sauti, kwa Kikamba.

"Mwaitu, mama yangu, akianza kuyumba, au ulimi uwe mzito, au aone vitu viwili viwili, usimpe tena. Mlete hapa."

"Hiyo ni daktari amesema ama ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sawa," Kasiva alisema, na akaiweka bahasha kifuani pamoja na pesa za soko, mahali ambapo hapajawahi kupotea kitu.

* * *

Mwelu hakuanguka Jumamosi, wala Jumapili, wala Jumatatu. Ndunda, baba yake, fundi wa mawe na mzee wa kanisa, alishukuru kwa sauti mezani. Jumanne Mwelu alisema kichwa kizito. Jumatano alimwaga chai, akacheka peke yake. Alhamisi kabla ya saa sita, Kasiva aliitwa shuleni.

Alimkuta bintiye kwenye ofisi ya walimu, ameketi kwenye kiti katikati ya chumba, walimu wakinywa chai kumzunguka. Macho ya Mwelu yalikuwa yakirukaruka upande kwa upande, kama anayesoma kitu kinachopita haraka.

"Mama Mwelu, samahani kukutoa sokoni," alisema Bi. Mukai, naibu wa mwalimu mkuu. "Simama, Mwelu. Tembea mpaka mlangoni mama yako aone."

Mwelu alitembea. Aligonga meza ya kwanza, akaomba msamaha kwa meza, akagonga ya pili. Mwalimu mmoja kijana aligeuza uso akicheka ndani ya kikombe.

"Anakunywa pombe ya karubu," Bi. Mukai alisema. "Sijui anaipata wapi. Nusa mwenyewe."

Na Kasiva alinusa. Jambo hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine ya siku ile: kwamba aliinama mbele ya watu akamnusa mtoto wake mdomoni. Hapakuwa na harufu ya pombe.

"Ni dawa, mwalimu. Ako na dawa ya kifafa."

"Dawa hailewishi mtu, mama. Wiki mbili akae nyumbani. Arudi na baba yake."

Walirudi kwa miguu, Kasiva amemshika bintiye kiunoni, na njia nzima ya Mumbuni ikawasalimu kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida. "Mami," Mwelu alisema kwa ulimi mzito, "mimi sijakunywa." Kasiva akamjibu, "Najua." Alimlaza, akaificha bahasha chini ya godoro, na dawa ya mchana hakumpa. Alikusudia kwenda mjini kwa binti wa Kahin, lakini angemwacha na nani? Akaamua asubiri Ndunda arudi.

Ndunda alirudi saa kumi na mbili jioni, na habari alikuwa amekwisha kupewa njiani na watu watatu.

"Ni dawa, Baba Mwelu," Kasiva alisema kabla hajavua viatu. "Yule mwiitu wa Kahin alisema akiyumba tusimpe."

"Na daktari alisema nini?"

"Alisema asiruke."

"Leo amemeza?"

Kasiva alitikisa kichwa.

"Kasiva, hii dawa ndiyo imemkataza kuanguka. Wiki nzima hajaanguka. Sasa tufuate nani, mwenye amesoma ugonjwa ama mwenye anauza?" Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe maishani, ambaye baba yake mwenyewe alikufa nayo mtaroni, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Lete bahasha."

Alimpa Mwelu vidonge viwili, akasimama hapo mpaka avimeze. Kisha akamwambia, "Sasa niambie ukweli. Umelewa?"

"Hapana, baba."

"Wewe si mlevi?"

"Hapana."

Sufuria ya muthokoi ilikuwa jikoni ikitokota, ile kubwa, ya kula leo na kesho. Ndunda aliionyesha kwa kidole.

"Kama hujalewa, epua hiyo sufuria, uilete hapa mezani."

"Ndunda," Kasiva alisema.

"Mwache aepue."

Mwelu alisimama. Alitaka sana kuepua sufuria ile. Alichukua vitambaa viwili, akavikunja vizuri, akainama, akashika masikio ya sufuria, na akainuka nayo wima kabisa, akimtazama baba yake. Akapiga hatua mbili nzuri. Ya tatu mguu haukupata sakafu pale ulipoitarajia.

* * *

Ijumaa asubuhi Kasiva alikuwa ameketi kwenye ngazi za kliniki kabla Kamanthe hajafungua mlango. Hakuwa amebadilisha nguo. Daktari Wesley alipofika, alisimama akamzuia njia, na daktari aliona punje za mahindi zilizokaukia kwenye leso yake.

"Mwelu ako wodini," alisema. "Ameungua. Mkono, na hapa kifuani. Kule wodini wamepima damu, wanasema dawa ilikuwa imejaa ndani yake. Twende chini kwa binti wa Kahin. Hapa juu mimi sijui kuongea."

Daktari alimfuata. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia duka lile, ingawa alikuwa akitembea juu yake kila Ijumaa kwa miaka mitatu. Safiyo alisimama nyuma ya kaunta. Kasiva alimsimulia yote kwa Kikamba, bila kulia, na Safiyo aliyageuza kuwa Kiswahili neno kwa neno, pamoja na sufuria, pamoja na kunusa. Alipomaliza, hakuongeza lake. Alimgeukia tu Kasiva na kuuliza, kwa Kiswahili, daktari asikie.

"Mama Mwelu, mtu akikwambia kila saa nane, ni saa ngapi?"

"Ni saa nane. Baada ya chakula ya mchana."

"Kila siku?"

"Si amesema kila."

Daktari Wesley alivuta mkono wa shati nyuma. Alitazama saa yake ya mkononi, si kwa sababu ya wakati. Unaweza kuona mtu akirudi nyuma kichwani, akipita wagonjwa wake mmoja mmoja, wa presha, wa pumu, wa kifafa, wale wote aliowaambia kila saa nane, kila saa sita, na wakasema ndiyo daktari.

"Aliniambia hajaruka," alisema mwishowe.

"Hakuruka," Safiyo alisema.

Mteja mmoja alichungulia, akaona nyuso zao, akaendelea na safari.

"Zile kurasa zako mbili," daktari alisema. "Bado unazo?"

Zilikuwa kwenye droo, chini ya vitabu vya risiti. Safiyo alizitoa, zimepinda pembe. Daktari alizisoma safari hii akiwa ameketi. "Hata tukisaini, mbele ya sheria ni karatasi tu," alisema. "Mkaguzi akija, sisi wawili tumekosa." Safiyo alisema anajua. Daktari akatoa kalamu. "Basi kuanzia leo, wagonjwa wangu ukiona dawa haikai, rekebisha, kisha unipigie. Simu sitaizima."

"Kuanzia leo," Kasiva alisema.

Hakusema kwa ukali. Alirudia tu, kama anavyorudia bei akitaka kuhakikisha amesikia. Kisha akamgeukia Safiyo, na akarudi kwenye Kikamba, na maneno hayo Safiyo hakumtafsiria mtu.

"Yeye hakujua. Mwalimu hakujua. Baba yake, Mungu amsamehe, hakujua. Wewe ulijua. Ulijua, ukazihesabu, ukanitilia kwenye bahasha."

Safiyo alishika ukingo wa kaunta. Alikuwa na majibu: sheria, mkaguzi, mwenzake aliyefungiwa, wino mwekundu. Yote yalikuwa ya kweli.

"Mama anasema nini?" daktari aliuliza.

"Anasema kweli," Safiyo alijibu.

Walitia sahihi, daktari kwanza, kisha mfamasia. Chini ya ukurasa wa pili kulikuwa na mstari mmoja zaidi, ambao Safiyo mwenyewe aliupiga chapa mwaka uliopita, akijivunia kwamba hakumsahau mgonjwa: kila mgonjwa akubali kwa sahihi yake. Daktari aliandika jina la Mwelu hapo, wa kwanza kwenye orodha, akampa Kasiva karatasi na kalamu.

"Huyu amesoma, ako kidato cha tatu," alisema kwa upole. "Hahitaji kuweka alama ya kidole. Mpelekee wodini, aandike mwenyewe."

Kasiva aliitazama kalamu. Aliirudisha juu ya kaunta, akaisogeza mbali naye kidogo, kisha akainua mkono wake wa kulia na kuuzungusha kwa kiganja cha kushoto, kuanzia ncha za vidole mpaka juu ya kiwiko, kuonyesha bandeji zilipofika.

"Alikuwa anaandika na huu," alisema. "Nileteeni wino, niweke kidole."